Kwa nini msaliti kwenye tamthilia za forodha ni bosi wa forodha mwenyewe kila mara?

#1 Kiti cha Nyuma
Wakuu, habari za muda huu.

Jana usiku nimemaliza tamthilia nyingine ya maafisa wa forodha wanaopambana na magendo uwanja wa ndege. Jina silitaji, najua kuna wenzetu humu wako katikati. Kwangu hii ni ya nne, zimetoka nchi nne tofauti, na zote zimeishia pale pale: kigogo anayeendesha magendo ni mkuu wa kitengo. Yule yule aliyempigapiga steringi begani sehemu ya kwanza na kumwambia anamwamini.

Safari hii nilimjua dakika ya kumi na mbili. Steringi kaleta karatasi ya mzigo anaoutilia shaka. Bosi akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Faili lilikuwa wazi mbele yake mezani. Nikamwambia mke wangu, huyu ndiye. Alinikatalia mpaka sehemu ya saba.

Hoja yangu ni kwamba waandishi wamechoka kufikiri. Magendo ya angani ni dunia pana mno: dhahabu, unga wa kulevya, pembe, wanyama hai, fedha taslimu. Kwa nini njia zote zirudi kwenye ofisi moja? Karibuni.

#2 Binti Ramani
Naunga mkono. Mimi sasa hivi nikiona bosi mwenye mvi na sauti ya upole, najua tayari. Wanatuharibia utamu wenyewe.

#3 Mzee wa Fomu
Kiti cha Nyuma, naomba nikupinge kidogo. Nimekuwa wakala wa forodha kwa miaka mingi, nikijaza na kufuatilia karatasi za mizigo ya watu, kwa hiyo hawa maafisa nawajua kwa karibu.

Mtu wa ndani yupo. Hilo waandishi hawakulitunga. Mlanguzi anayepitisha mzigo mara moja anaweza kutegemea bahati, lakini anayepitisha kila wiki hawezi. Lazima pawe na mtu anayemwambia leo zamu ya nani, mashine ipi imeharibika, ndege ipi inakaguliwa yote. Wanapokosea ni cheo. Anayejua hayo si mkuu. Mkuu yuko kwenye vikao. Anayejua ni kijana wa zamu, mpakia mizigo, mfagiaji, mhudumu wa ndege, dereva wa kile kigari kinachovuta mabegi. Mlanguzi hana haja ya kununua ofisi nzima. Anahitaji meza moja kwa dakika tano.

Kitu kingine kinachonikera: wanachanganya kazi. Uhamiaji wanashughulika na watu. Usalama wa uwanja wanatafuta silaha na milipuko. Forodha wanashughulika na bidhaa. Kwenye tamthilia afisa mmoja anagonga muhuri wa pasipoti, anapekua begi, halafu anakimbiza gari na bastola mkononi.

#4 Tochi
Mzee wa Fomu asante, hapo kwenye kazi kuchanganywa umenena.

Mimi naomba kuongelea mkoba wa dhahabu. Tamthilia niliyoona mimi jambazi anashuka na mkoba mweusi wa ofisini, anaufungua hotelini, umejaa matofali ya dhahabu mpaka ukingoni, kisha anaufunga na kuondoka nao kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Nilisimamisha nikapiga hesabu. Dhahabu, sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3. Mkoba wa sentimita 45 kwa 30 kwa 10 ni sentimita za ujazo 13,500. Zidisha: kilo 260. Hata ukiujaza nusu tu ni kilo 130, mpini ungebaki mkononi na mkoba ungebaki sakafuni.

Na upande wa pili wake ndio unaotisha. Kilo moja nzima ya dhahabu ina ujazo wa sentimita 52 hivi. Ni ndogo kuliko simu uliyoshika sasa. Ndiyo maana magendo yake hayahitaji mkoba.

#5 Binti Ramani
Tochi umeniacha hoi. Swali langu la siku nyingi: dhahabu si haramu kama unga. Sasa kwa nini mtu aifiche?

#6 Tochi
Dada, ni kodi. Mfano mzuri ni India, na ndiyo maana tamthilia za kule zinapenda dhahabu. Sheria yao ya Kudhibiti Dhahabu ya 1968 ilizuia mtu wa kawaida kuweka dhahabu ya matofali, magendo yakashamiri. Ikafutwa 1990. Baadaye ikabaki kodi ya kuingiza. Julai 2022 ilipandishwa ikafika asilimia 15, na Julai 2024 ikashushwa hadi asilimia 6. Kwa hiyo anayepitisha bila kulipa anakula ile tofauti. Kodi ikipanda, mwenye magendo anashangilia.

Na wanaificha kwa namna ambazo waandishi hawajazigusa. Inasagwa unga, inachanganywa na kemikali iwe kama uji mzito, inafungwa kwenye mipira na kubebwa ndani ya mwili. Inayeyushwa na kuwa kifungio cha mkanda, waya wa kishikio cha sanduku, kisha inapakwa rangi ya fedha. Afisa hapambani na mkoba, anapambana na mkanda wa suruali.

#7 Kalamu Kavu
Nimesoma yote. Mimi naandika tamthilia, ndogo ndogo, na naona Kiti cha Nyuma ametuonea.

Tatizo letu ni hili: mlanguzi halisi hakai. Mbebaji anatua, anatembea, anakamatwa au anapita. Yuko mbele ya kamera dakika nne. Mwenye mzigo yuko nchi nyingine. Mnunuzi haonekani kabisa. Sasa nina sehemu nane za kujaza, adui yangu nimuweke wapi? Anayeweza kuonekana sehemu ya kwanza hadi ya nane, akala meza moja na steringi, akajua jina la mtoto wake, ni mfanyakazi mwenzake. Na usaliti unauma kwa kadiri ya ukaribu. Mfagiaji akimsaliti steringi, mtazamaji anashangaa. Bosi aliyemfundisha kazi akimsaliti, mtazamaji analia.

Kwa hiyo tunajua tunachofanya. Uvivu haupo hapo.

#8 Kiti cha Nyuma
Kalamu Kavu, nimekuelewa, lakini umejibu kwa nini awe mwenzake. Hujajibu kwa nini awe bosi. Hao wenzake wengine wanne waliokaa naye zamu wana kazi gani kwenye hadithi?

#9 Kalamu Kavu
Mmoja anakufa sehemu ya tano 😅 Hilo nakubali tunalirudia.

#10 Shuka Salama
Mimi naona ni suala la bajeti tu. Uwanja wa ndege huwezi kuufunga urekodi tamthilia. Wanajenga ukumbi mmoja, mkanda mmoja wa mabegi, ofisi moja yenye kioo. Ukishajenga ofisi yenye kioo, lazima atakayekaa ndani yake awe na maana. Angalieni ni matukio mangapi ya bosi anachungulia kupitia lile pazia la vibao.

#11 Zamu ya Usiku
Salaam nyote. Mimi ni muuguzi, nina jambo la kusema kuhusu wanaomeza kete, vile vifurushi vya dawa za kulevya, kwa sababu pale ndipo tamthilia zinaponiumiza moyo.

Wanaonyesha kijana anakamatwa, anapelekwa chumbani, picha inakatwa, tukio linalofuata kete ziko mezani zimepangwa kwenye mfuko wa ushahidi, steringi anapongezwa. Pale katikati ndipo penye maisha ya mtu.

Miaka iliyopita tuliletewa msichana chini ya ulinzi. Picha za eksirei zilionyesha vifundo vilivyopangana tumboni kama mbegu kwenye ganda. Alilala ubavu wa kushoto, magoti kayavuta, na hakutaka hata funda la maji. Walinzi walisema ndicho kilichomchongea: safari ya saa nyingi angani hakula wala hakunywa, wahudumu wakamwona. Wanameza dawa za kufunga choo ili wafike. Kete moja ikipasuka na ni kokeini, hatuna dawa ya kuirudisha. Moyo unaenda mbio, joto linapanda, degedege. Upasuaji lazima uwe wa haraka, na mara nyingi haraka yetu haitoshi.

Tulimkalia karibu siku tatu. Kila nilipompima mapigo alikuwa ananihesabia usoni kuona kama nimeshtuka. Alitoka salama. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama yake ameambiwa.

Sasa kwenye tamthilia huyo anaitwa "punda" na hana jina. Mnajadili bosi ni nani. Mimi nataka siku moja waandike sehemu nzima ndani ya kile chumba.

#12 Kalamu Kavu
Zamu ya Usiku, hilo la kuhesabu usoni nimeliandika kwenye daftari langu. Asante, dada.

#13 Mlinzi wa Daraja
Pole kwa kazi, muuguzi.

Nirudi kwenye mada. Kuna njia ambayo haihitaji bosi wala mtu yeyote wa forodha, nayo ni mfuko wa kidiplomasia, yaani mzigo rasmi wa ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema haufunguliwi wala hauzuiliwi. Ukishaandikwa hivyo afisa anaweza kuusindikiza kwa macho tu. Waandishi wangeutumia vizuri tungepata tamthilia ya maana.

#14 Nukta na Mkato
Mlinzi wa Daraja, nusu sahihi. Wa 1961 ni wa mabalozi, na kifungu cha 27 kinasema hivyo. Lakini kuna mwingine wa 1963 wa konseli, yaani balozi ndogo, na kifungu chake cha 35 kinaruhusu: wakiwa na sababu nzito ya kushuku, wenyeji wanaweza kuomba mfuko ufunguliwe mbele yao na mwakilishi wa nchi husika. Akikataa, unarudishwa ulikotoka. Nguvu ya drama iko hapo, kwenye kukataa.

Na imewahi kutokea. Julai 2020, uwanja wa Thiruvananthapuram huko Kerala, India, mzigo uliokuja kama wa kidiplomasia kwa jina la ubalozi mdogo wa Falme za Kiarabu ulifunguliwa, ikakutwa dhahabu kama kilo 30. Ilitikisa siasa za jimbo zima.

#15 Mlinzi wa Daraja
Nimesahihishwa, nashukuru. Kilo 30 kwa hesabu za Tochi si ingeenea kwenye sanduku la viatu?

#16 Tochi
Ingeenea na nafasi ikabaki. Ni lita moja na nusu hivi. Sanduku ndilo lisingehimili.

#17 Mzee wa Fomu
Sasa mnanifurahisha. Niongeze njia nyingine, maana hii inajibu swali la Kiti cha Nyuma moja kwa moja.

Mzigo unapandishwa kwenye ndege ya kimataifa na kufichwa chooni, nyuma ya kibao au chini ya sinki. Abiria aliyeuleta anashuka mikono mitupu, anapita njia ya kijani anatabasamu. Ndege ile ile baada ya saa mbili inageuzwa kuwa ya safari ya ndani. Anapanda mwenzake, anaenda chooni, anauchukua. Akishuka mji wa pili hapiti forodha kabisa, maana ametoka ndani ya nchi. Maafisa wa India wamekamata dhahabu nyingi kwa mtindo huu. Hapo bosi ana kazi gani? Unayemhitaji ni mtu anayejua ratiba ya ndege, au anayeingia na ndoo kusafisha.

#18 Shuka Salama
Njia ya kijani ndiyo ile ya "sina cha kutangaza"?

#19 Mzee wa Fomu
Naam. Kijani huna cha kutangaza, nyekundu unacho. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha, ule uliorekebishwa 1999 na kuanza kazi 2006, ndio unaopendekeza milango hiyo miwili. Watu wanadhani ukipita kijani umesamehewa. Ukipita kijani umetoa tamko: kwa miguu yako umesema huna kitu. Ukikutwa nacho, umesema uongo kwa serikali.

#20 Mpenda Mbwa
Mimi nina kilio cha mbwa. Kwenye tamthilia mbwa anabweka, anarukia begi, analichana. Mbwa wa kunusa wanaopitishwa katikati ya abiria wengi wamefundishwa kukaa tu. Ananusa, anakaa, anamtazama bwana wake. Abiria mwenyewe anaweza asijue. Marekani walianza na mbwa wadogo aina ya beagle uwanja wa Los Angeles 1984, kutafuta vyakula na mimea, na walichaguliwa kwa sababu hawatishi watu. Ule ukimya wa mbwa kukaa una mshtuko mkubwa kuliko kubweka. Nashangaa hakuna mwelekezi aliyeuona.

#21 Binti Ramani
Na panya buku! Shirika la APOPO la Morogoro limewafundisha kunusa magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za kifaru na hata mpingo. Utafiti ulitoka 2024. Wanavalishwa kijikoti chenye kipira kifuani, panya akinusa kitu anakivuta kile kipira kwa mikono, kinalia. Nipeni tamthilia ya panya huyo, bosi awe yeyote.

#22 Mpenda Mbwa
Hapo nimeshindwa. Panya ameshinda.

#23 Jicho la Tatu
Kiti cha Nyuma, mimi nina maelezo tofauti na yote. Waandishi wanamfanya bosi awe mwovu kwa sababu sisi watazamaji tunataka. Karibu kila aliyesafiri amewahi kudhalilishwa na mtu mwenye sare.

Mimi nilifunguliwa sanduku mbele ya foleni nzima, uwanja siutaji. Afisa alitoa kitu kimoja kimoja, akafika kwenye nguo za marehemu baba yangu nilizokuwa nazipeleka nyumbani kwa ndugu. Alizikung'uta. Kanzu moja ikaanguka chini, akaiokota kwa ncha ya kalamu. Hakukuta kitu. Akaniambia funga. Mikono ilikuwa inanitetemeka, zipu ikakataa, na watu nyuma wanaguna.

Tangu siku hiyo nikiona bosi wa forodha anavuliwa beji sehemu ya mwisho, kuna kitu kifuani kinashuka. Najua si haki kwa wengi wao. Lakini ndivyo.

#24 Mzee wa Fomu
Pole sana, ndugu yangu. Kupekua ni kazi yao, kukung'uta nguo za marehemu si kazi. Afisa mwema anakusaidia kufunga.

Forodha wenyewe wanajua wana ugonjwa huu. Shirika la Forodha Duniani lina tamko zima la uadilifu lililopitishwa Arusha 1993 na kurekebishwa 2003. Wanaliita Azimio la Arusha.

#25 Shuka Salama
Mzee, Azimio la Arusha ni la 1967, la Mwalimu. Ujamaa na Kujitegemea. Hapo umeteleza.

#26 Nukta na Mkato
Hajateleza. Ni maazimio mawili, mji mmoja. La forodha lina mambo kumi, kuanzia uongozi, uwazi na kutumia kompyuta mpaka ari ya wafanyakazi. La kwanza kwenye orodha ni uongozi, kwa hiyo hata wao waliona samaki anaanza kuoza kichwani. Kiti cha Nyuma, waandishi wako wana mwenzao.

#27 Shuka Salama
Nimeelimika. Samahani mzee wangu.

#28 Kiti cha Nyuma
Nukta na Mkato umenibana. Ila tamko kusema uongozi uwe safi ni tofauti na kila mkuu kuwa kinara wa mtandao. Mkuu mzembe anayefumba macho, huyo nitamwamini. Mkuu anayeweka kete kwenye droo yake ya ofisi, hapana.

#29 Zamu ya Usiku
Hapo nakubaliana nawe. Kufumba macho kunatosha kuua mtu.

#30 Jicho la Tatu
Na wale waliofungwa kwa makosa ya mtu wa ndani? 2023 wanawake wawili wa Brazil walitua Frankfurt wakakamatwa kwa kilo 40 za kokeini ambazo hawakuwahi kuziona. Wafanyakazi wa uwanja wa Guarulhos, São Paulo, walikuwa wamebandua lebo za masanduku yao na kuzibandika kwenye mengine. Walikaa ndani siku 38 mpaka picha za kamera zikawaokoa. Hakuna bosi, hakuna risasi. Ni karatasi yenye gundi. Tangu nisome habari ile napiga picha sanduku langu likiwa juu ya mizani, lebo ikionekana.

#31 Binti Ramani
Nimeingia ubaridi. Kuanzia leo napiga picha.

#32 Kalamu Kavu
Hiyo ya lebo ningeiandika hivi: sehemu ya kwanza yote tunawaona wao tu, sanduku la zambarau lenye utepe. Wanafika, linakuja jeusi.

#33 Mlinzi wa Daraja
Iandike, mkuu. Bosi asiwemo.

#34 Kalamu Kavu
Atakuwemo. Atakuwa anachungulia pale kwenye pazia la Shuka Salama.

#35 Kiti cha Nyuma
Wakuu, baada ya maneno ya Mzee wa Fomu nimerudi kuangalia sehemu ya pili. Kuna mfagiaji anapita nyuma ya steringi mara tatu. Ana ndoo ya bluu na hana hata neno moja la kusema. Mara ya tatu ndoo inaonekana nzito, mkono umenyooka na bega limeshuka upande mmoja. Mimi nilikuwa namkodolea bosi na koti lake, sikumwona kabisa.

#36 Tochi
Bega limeshuka kiasi gani? Maji yakijaa ndoo ni kama kilo kumi, mtu anabeba kawaida. Ikizidi hapo ataegemea upande wa pili.

#37 Kiti cha Nyuma
Ameegemea upande wa pili. Na sehemu ya sita, ile ndege ilipogeuzwa, aliyekuwa mlangoni ni

#38 Binti Ramani
Usimalizie! Niko sehemu ya nne.